Siku Mbunge wa Kijapani Alipotembelea Mfereji Wetu

Jumanne, katikati ya Machi. Mvua ilinyesha tangu alfajiri, ikakatika saa nne. Jua likatoka kali, matope yakaanza kufuka.

Leo tulimpokea mbunge kutoka Japani, aliyekuja kuona mashamba yetu ya mpunga upande wa Namawala. Mimi ni mwenyekiti wa kikundi cha mfereji, kwa hiyo nilikaa naye mbele, chini ya turubai, na dada mkalimani katikati yetu.

Wanakikundi walitaka kujua ubunge aliupataje. Akasimulia bila kuficha. Babu yake alikuwa mbunge. Baba yake akafuata, akafika hadi uwaziri. Yeye alikuwa na kazi yake benki, akaitwa nyumbani kumbebea baba mkoba na kumwakilisha kwenye misiba ya wapigakura. Baba alipofariki, wazee wa jimbo wakamfuata yeye.

Hapo mdomo ukaniwasha. Nikasema kwa sauti, "Kumbe huko kwenu ubunge ni kama shamba, baba akifa mtoto anaokota jembe!"

Watu walicheka sana. Mama mmoja akadakia, "Mwenyekiti, muulize kama na mjukuu ameshapimiwa kiti!" Nilicheka mpaka machozi. Dada wa watu alisita, lakini alitafsiri.

Mgeni hakukasirika. Alisema ni kweli, jina lilimbeba. Ila uchaguzi wa pili walimwangusha. Basi mpaka uchaguzi uliofuata, kila asubuhi alisimama nje ya stesheni ya treni akiwainamia watu wanaokwenda kazini, wengine wakimpita kama nguzo. Kisha akaniuliza, nadhani kwa adabu tu, "Na wewe mzee, ulimshinda nani?"

 Wote wakanigeukia, maana wote wanajua. Siku ya kuondoa matanga ya baba, wazee walinivika koti lake, wakasema na uenyekiti wa mfereji ni wako. Akina mama wakapiga vigelegele. Hakuna aliyeulizwa. Tangu hapo hatujapiga kura hata mara moja.

"Sikumshinda mtu," nikasema. "Nilirithi."

Safari hii hakuna aliyecheka. Afadhali wangecheka.

Nisijidhulumu pia: maji nimeyagawa vizuri, hata wasionipenda hawasemi nilipendelea. Na huenda mgeni asingekuwa kitu bila jina lile, sijui. Lakini yeye walau waliwahi kumkataa, akarudi kuwaomba. Mimi makamu wangu ameniomba uchaguzi zaidi ya mara moja, nikamjibu, "Mdogo wangu, tuvune kwanza." Tumeshavuna, tumelima tena.

Mgeni alipoondoka nikawaambia watu wakae. Nikasema Jumapili baada ya misa tutapiga kura, anayetaka agombee. Nilisema huku nikisubiri mtu aseme, "Aa, mwenyekiti, kwani nani amekukataa?" Nilisubiri kweli, naona haya hata kuliandika.

Wakapiga makofi. Walipiga kwa muda mrefu. Makamu wangu akanishika mkono kwa mikono yake miwili, akasema, "Asante, kaka," bila kunitazama usoni.

Nyumbani mke wangu alikuwa ameshasikia.

"Umefanya vizuri," alisema. Akageuza sufuria. "Na wakikuangusha?"

"Nitachimba mfereji kama wengine."

"Hujawahi kuchimba."

Ni kweli. Tulikula wali na kambale wa kuchemsha, na matembele kidogo. Mimi sikumaliza.