Kona Nne za Kidete

Nilipelekwa Kidete kwa sababu mashine ya Mikumi ilikuwa imegoma. Mashine yenyewe ilikuwa mpya. Zamani unyuzi wetu wa kioo, mwembamba kama unywele, ulibeba mwanga mmoja. Mashine hii iliuchana mwanga huo ukawa vijito vinane, kila kimoja na mzigo wake wa simu, picha na miamala, vikikimbia bega kwa bega bila kugombana. Ndivyo karatasi ilivyosema. Kwetu vilipita viwili, sita vikazima. Injinia wangu wa Mikumi, mwanamke asiyependa hadithi, akanipigia simu: "Mwanga unavuja Kidete. Visipowaka vyote kufikia saa kumi, wanaleta katapila lichimbe njia mpya iliyonyooka."

Nilitoka Kilosa nimenuna.

Kidete mkongo wetu, yaani waya wenye ule unyuzi wa kioo, unapita kati ya mashamba ya mahindi na malisho. Wakulima na wafugaji waligombania mpaka hadi siku tulipofukia waya na kusimika vinguzo vya njano. Wakakubaliana: mahindi huku, ng'ombe kule. Sisi hatukuulizwa. Wakaandikiana kabisa kwamba mpaka ni waya wenyewe, si vinguzo, maana kinguzo mtu anaweza kukihamisha.

Nilimkuta bibi mmoja mkulima na mzee mmoja mfugaji wamekaa kwenye vigoda, kila mtu upande wake. Nikamwamkia bibi kwanza. Mzee akageuza uso. Nikavuka, nikamwamkia, tukaulizana habari za nyumbani na za mifugo, bibi akaona nimekaa sana kule, ikabidi nirudie wote wawili. Nilitoa shikamoo nne kabla sijashika jembe.

Mafuriko ya mto Mkondoa yalikuwa yamekomba udongo, kwa hiyo sikuchimba sana. Waya ulikwenda vizuri, halafu ukakata kona. Kona kamili, kama ya fremu ya mlango. Ikafuata ya pili, ya tatu, ya nne, ndipo ukarudi kwenye mstari wake. Mwanga unavumilia mengi, lakini kona kali hauiwezi, unamwagika nje. Nikauliza nani kafanya ujinga huu.

"Mimi," bibi akasema.

Chemba iliyo karibu, shimo la zege tunamowekea waya wa ziada, ilikuwa imepoteza mfuniko kwenye mafuriko. Bibi akavuta akiba ya waya tuliyoikunja humo, akachimba wiki nzima kwa jembe la mkono. Kusogeza vinguzo tu bila waya, alinieleza, kungekuwa wizi. Ndani ya zile kona nne palikuwa na kaburi la mumewe. Siku ya kuweka mpaka lilikuwa limeangukia upande wa ng'ombe.

"Na wewe mzee, ulijua?"

"Nilimwona siku ya kwanza. Alikuwa anachimba vibaya, nikamshikia waya."

"Si ungewazuia tu ng'ombe wako?"

Akanitazama kama anavyotazamwa mtu asiyefuga. "Ng'ombe wangu wameshazoea waya. Kaburi hawalijui."

Niliona haya. Saa tisa ilikuwa imepita. Nikiunyoosha waya, vijito vyote vitapita na marehemu atarudi kukanyagwa. Nikiuacha, katapila litakuja, nalo halichagui pa kupita.

Nikawaambia kona ndiyo tatizo, siyo mzunguko. Mwanga ukipewa duara pana utazunguka chochote, ila duara hilo litakula hatua sita zaidi za malisho. Mzee akazipima kwa miguu, akanung'unika kwa lugha ya kwao, akazipima tena, akaomba jembe. Tulichimba watatu, udongo ukiwa bado laini. Bibi alitukaripia wote wawili kwa kurushia udongo kaburini.

Saa kumi kasoro kidogo simu ikalia. "Vinane vyote vimewaka," injinia akasema. "Umeunyoosha?"

"Hapana. Nimeuzungusha."

"Umezungusha nini huko porini?"

"Kuna mzee amezikwa hapa. Mke wake yuko mbele yangu."

Nikamsikia akitafuta kalamu. Kisha akasema ramani ya mkongo haiwezi kuonyesha mzunguko bila maelezo, nimtajie jina la marehemu aliandike. Nikampa bibi simu alitaje mwenyewe. Alilitaja mara mbili, polepole, mara ya pili pamoja na la baba wa marehemu.