Mkate Niliompelekea Mama

Daktari hakuinua macho. Alisoma karatasi ya vipimo, kisha akamwambia mama yangu, mwenye miaka sitini na minane, kwamba shida yake ni moja. "Shosho," alimwita, kama anayemwita bibi yake, "punguza kula." Tulikuwa tumengoja tangu asubuhi katika hospitali moja ya mjini, mtaa wa Upper Hill, naye mama alikuwa amekalia ukingo wa kiti kwa sababu kilimbana. Aliitikia kwa sauti ndogo kwamba amesikia.

Nilikasirika. Mama hakuwa mlafi. Nilijua alichokula kwa sababu mimi ndiye niliyekinunua: chai ya sukari na vipande viwili vya mkate mweupe asubuhi, na jioni ugali wa unga uliokobolewa, soseji mbili, na kabichi iliyokaangwa kwa mafuta yaliyokwisha kuchoma viazi mara tatu. Mchana mara nyingi hakula. Hata hivyo alizidi kunenepa, sukari ikapanda, presha ikapanda, magoti yakavimba, na kidonda cha kidole cha mguu kikakataa kupona.

Wiki iliyofuata tulitumwa kwa mtaalamu wa lishe, msichana aliyepewa chumba cha mwisho kwenye korido. Huyo hakuuliza mama anakula kiasi gani. Aliuliza anakula nini, na tangu lini. Alieleza kwamba mwili ukiumia hupigana: huvimba, hupata joto, halafu hutulia. Lakini kuna vyakula ambavyo vikiliwa kila siku, miaka nenda miaka rudi, huufanya mwili uendelee kupigana kimyakimya, na mafuta yanayojaa tumboni nayo huchochea vita hivyo. Ndiyo maana sukari, presha na magoti mara nyingi huja pamoja. Si chakula peke yake, alisema, kuna umri, kuna damu ya ukoo, kuna usingizi na mawazo. Akauliza kama mama amewahi kula mboga za kienyeji kama managu na terere, maharagwe na viazi vitamu.

Mama akacheka. "Hivyo vyote nilikuwa nalima."

Mimi nikatazama sakafu. Alivilima nyumbani kwake mtaani Kabiria, kwenye kiwanja alichoachiwa na baba, na mimi ndiye niliyemshawishi ang'oe kila kitu tujenge nyumba za kupangisha. Nilimwambia hakuna mtu wa mjini anayeinama na jembe siku hizi. Tukamwaga saruji hadi ukutani. Kila Jumamosi nikamletea mkate, majarini, soseji na soda kubwa, kwa sababu mama wa mtu anayefanya kazi ofisini hali majani. Kanisani wanawake walimwambia amependeza, watoto wanamtunza. Nilizipokea sifa hizo kama zangu.

Hasira ilinijaa. Niliwachukia wenye matangazo yanayoonyesha watoto wakikimbia na chupa za soda. Niliwachukia askari wa jiji wanaomfukuza mwanamke muuza mboga barabarani huku soda ikiuzwa kila mlango. Siku moja nilipelekwa Karen, mtaa wa matajiri, kwa chakula cha mchana cha kikazi, nikaona terere kwenye sahani kubwa, kiasi cha kijiko kimoja tu, na wenzangu wakaisifu kama kitu kilichogunduliwa jana. Niliisukuma sahani yangu kando.

Jioni hiyo nilimwambia mama jikoni, "Mum, mimi ndiye nimekufanya mgonjwa."

Alikuwa anachambua maharagwe. Hakukataa. "Ulileta, na mimi nikakula," alisema. "Tulikuwa wawili."

Kidole chenye kidonda kilikatwa kabla ya Pasaka. Aliporudi nyumbani alinituma nitafute mafundi wavunje saruji nyuma ya nyumba, mahali pa kuegesha magari mawili. Mpangaji mmoja alilalamika, akahama. Mama alipanda managu akiwa ameketi kwenye ndoo iliyopinduliwa.

Sasa ni mwaka na zaidi. Sukari imeshuka, ingawa dawa bado anameza. Anapanda ngazi za kanisa bila kunishika. Amepungua, si sana.

Jumapili moja mwanamke wa kikundi cha mama cha kanisani alinivuta kando, akauliza kwa upole kama mama ana saratani, maana amekonda. Nikamjibu kwa ukali, watu wakageuka: mbona hukuuliza alipokuwa ananenepa? Alikuwa mtu mwema, ndiye aliyetuletea uji kila siku mama alipokuwa wodini. Macho yake yalijaa machozi. Nilijua nimemwonea, na bado sikuweza kuomba msamaha. Nilitoka nje nikasimama kwenye jua hadi ibada ikaisha.