Maua ya Karatasi ya Srna

Kaka yangu Lovrenc alizaliwa na kufa katika nyumba ileile, chini ya mlima Belnik, lakini kila mwaka kwa miezi mitatu hakuwa wetu. Mwezi wa sita aliwapandisha ng'ombe wa kijiji kwenye malisho ya juu, akashuka nao mwezi wa tisa. Miaka ishirini na mitatu alikamua, akatengeneza jibini, akala ugali na maziwa mgando, akautazama mlima.

"Belnik ni kama mama mkwe," alikuwa akisema. "Asubuhi anakuchekea, adhuhuri anakutupia mawe."

Ndivyo ulivyo. Sisi bondeni tukikata nyasi huku jasho likitutoka, kule juu maji ya ndoo yaliamka yameganda. Upande wa kaskazini theluji ilikaa hadi mwezi wa saba. Mvua hainyeshi mahali popote kama pale, lakini mlima ni jiwe la chokaa, unaimeza yote. Ng'ombe walinywa kwenye bwawa alilochimba babu. Upepo alioujali Lovrenc ni ule wa kusini-magharibi, utokao baharini. Ukileta wingu likatulia kileleni kama kofia, na kunguru wa midomo ya njano wakashuka hadi kwenye paa la kibanda, basi theluji iko njiani, hata kama mchana umekuwa wa joto.

Kwetu mchungaji asiyepoteza mnyama hata mmoja hushuka na ng'ombe waliovishwa maua, kengele zikilia. Aliyepoteza hushuka bila maua, kengele zake zimezibwa kwa nyasi. Lovrenc alikuwa hajawahi kuziba kengele.

Mwaka ule, miaka sita iliyopita, nilikata maua ya karatasi mwezi mzima kwa ajili ya Srna, ng'ombe wake aliyetangulia kundi. Padri alikubali kuwabariki ng'ombe Jumapili, baada ya misa ya Kuzaliwa kwa Bikira Maria. Alhamisi nilipanda kumpelekea kaka mkate, nikamkuta anafunga sufuria kubwa ya jibini kwa kamba.

"Kaka, unakwenda wapi?"

"Nyumbani. Kesho alfajiri. Hebu tazama kofia ile."

"Kofia! Sherehe ni Jumapili. Padri ameshatangaza kanisani."

"Basi amtangazie na Belnik."

"Usifanye mzaha. Hali ya hewa hupangwa na Mungu, siyo na huo mlima wako."

"Sawa, Rozalija. Mungu ndiye anayesema. Mlima unanitafsiria tu, maana mimi sikufika sekondari kama wewe."

Nilikasirika. "Nimekata karatasi mpaka vidole vimeota sugu! Utaniaibisha mbele ya kijiji kizima kwa sababu ya kawingu?"

Aliinama juu ya sufuria. Kisha akaifungua ile kamba, akairudisha sufuria mahali pake.

Jumamosi kabla ya jua kuchomoza theluji ilifika magotini. Srna aliteleza pale nyasi zinapoishia, akaanguka korongoni. Lovrenc aliteremka kwa kamba, akakaa naye nusu siku hadi ng'ombe huyo alipokata roho. Baridi ile iliingia kifuani mwa kaka, haikutoka tena.

Jumapili nilisimama mbele ya kanisa na kikapu cha maua mkononi. Ng'ombe arobaini walipita, nikasikia kwato tu. Padri alivua kofia. Kaka alipofika karibu nami alisema, "Usilie wewe. Mchungaji ni mimi." Afadhali angenitukana.

Hakupanda tena. Miaka mitano na nusu alikaa kwenye benchi la ukuta wa kusini, akikohoa, macho yake kileleni. Mimi nilikwenda kuungama, padri akaniondolea dhambi, nami naamini Mungu amesamehe. Lakini kaka mwenyewe sikumwomba msamaha. Nilimpelekea chai, nikamwambia, "Leo kuna baridi." Naye akajibu, "Juu kuna zaidi." Nilikuwa nikingojea siku nzuri. Alifariki mwezi wa tatu, theluji ikiwa bado dirishani. Mungu amlaze pema.

Mwezi wa tisa uliofuata, Urška, binti wa jirani anayechunga sasa, alinipigia simu siku ya Jumatano.

"Shangazi, kofia imekaa. Kunguru wako mlangoni kabisa, kama wanadai chakula. Lakini wenzetu wanasema ningoje Jumapili, maua hayajawa tayari."

"Shuka leo."

"Na maua je?"

"Ninayo."

Walifika alasiri, mvua ikinyesha, wote wazima, kengele zikilia. Barabarani nilikuwa peke yangu. Nilimvika ng'ombe wa mbele maua ya Srna. Rangi ikaanza kuchuruzika, nyekundu na buluu, kwenye shingo yake nyeupe.

"Eh, shangazi, umempaka kama mchekeshaji wa sarakasi!" Urška alicheka.

Nami nilicheka. Kisha nikageuka kulitazama benchi la ukutani, lililolowa, tupu.

"Nisamehe, kaka," nilisema kwa sauti kubwa. Lakini kengele zilikuwa zinapita wakati huohuo, hata mimi sikuisikia sauti yangu.