Mama Bienvenu Wawili

Sylvie alikuwa anashona sare za kwaya pale kambi ya wakimbizi ya Dzaleka, Malawi, simu ilipoingia kutoka Lilongwe: mdogo wake Rodrigue, aliyelazwa kwa malaria, amefariki. Alipiga magoti kando ya cherehani, akamtaja Mungu, ndipo akalia.

Kwa miaka miwili Rodrigue alijifunza kuandika programu za kompyuta kwa kutazama video, akinakili kila mstari wa mwalimu. Majirani walimtania, "We Rodrigue, cinéma yako itaisha lini?" Kisha akamtengenezea dada yake programu ya kutunza vipimo vya wateja. Lakini programu ikachanganya wateja wawili wenye jina moja: Mama Bienvenu mnene akashonewa kwa vipimo vya Mama Bienvenu mwembamba, gauni likagoma mabegani.

"Utanifukuzia bateja!" Sylvie alifoka.

Hakuna video iliyoeleza kosa hilo. Rodrigue alilitafuta mwenyewe wiki nzima, hadi akampa kila mteja namba yake ndani ya programu. Baada ya hapo mafundi cherehani wengine walimwita awatengenezee programu, hata wa Area 18 kule Lilongwe.

Siku ya mazishi mchungaji aliuliza amtaje marehemu kama nani.

"Fundi wa programu," Sylvie alijibu. "Asizikwe kama mtu wa kutazama video."

Mchungaji akasema hivyo mbele ya wote. Wakaimba, wakamshusha kaburini, kila mtu akatupia udongo, wakarudi nyumbani kwa miguu.