Miwani ya Mtani Wetu Profesa

Haya nimeyaandika mara mbili nikachana, maana nikiwa na hasira naandika vizuri lakini sisemi kweli yote. Mimi niliishia darasa la saba, na ninayemwandika ana makala ambazo hata vichwa vyake vinanishinda. Basi leo nakwenda polepole.

Profesa ni mtoto wa Nachingwea, mtafiti wa saratani ya matiti. Ukoo wake na wetu ni watani tangu mababu. Alipokuja kwetu Likunja kufanya utafiti, mwelekezi nilikuwa mimi: kupiga hodi, kuwaeleza akina mama kwa Kimwera, kujaza fomu. Dada yangu alikuwa na kivimbe kwenye titi la kushoto. Wakamchoma sindano, wakachukua kipande, wakamwambia asubiri majibu.

Akasubiri. Korosho zikaokotwa, ufuta ukapandwa ukavunwa, korosho zikaokotwa tena. Kila akioga alikipima kwa kidole kama kimekua, kisha ananiuliza, "Mtani wetu kasemaje?" Nami najibu bado.

Makala zenyewe hazikusubiri. Zilitoka moja baada ya nyingine, hadi ndugu zake wakaandaa hafla Nachingwea ya kumpongeza. Tulialikwa, tukaenda. Mshereheshaji alitueleza kwamba mtafiti hupimwa kwa kunukuliwa, yaani wenzake wakiandika, wanamtaja. "Huyu ananukuliwa hadi ng'ambo," akasema, nasi tukapiga makofi kama tunaojua. Mzee aliyekaa karibu yangu aliniuliza kama huko wanamtaja kwa wema. Nikasema nadhani. Mpaka leo sina hakika.

Profesa akasimama na karatasi zake atusomee orodha ya makala. Dada akainuka, akaenda mbele taratibu kama anayefuata maji ya kunawa, akamvua miwani.

Watu wakacheka. Kwetu mtani akichukua kitu chako hukasiriki, unakikomboa. Profesa naye alicheka, akatoa noti. Dada hakuitazama.

"Hiyo kamnunulie mkeo khanga, mtani. Mimi nataka majibu yangu."

"Majibu gani, dada?"

"Ya titi. Ulichukua kipande ukaondoka nacho, mwizi wewe. Hata mwizi wa kuku huacha manyoya."

Vicheko viliendelea. Profesa, bila miwani haoni, akaniita mbele akanipa mimi karatasi nimsomee. Kiingereza kitupu. Neno la kwanza nilipita, la pili nikakwama, nikamrudishia. Tukasimama pale wote wawili, hakuna anayeweza kusoma.

"Mimi nimo humo?" dada akauliza.

"Umo." Sauti ilikuwa imeshuka. "Si kwa jina. Mmewekwa kwa makundi."

"Kwa hiyo ng'ambo wanalijua titi langu, mwenyewe silijui."

Hapo vicheko vilikatika. Profesa akafikicha macho, akasema walipiga simu, namba haikupatikana.

Nilitamani turubai liniangukie. Dada hana simu. Kwenye fomu niliandika namba yangu, na laini ile ilifungiwa kwa sababu sikwenda kuisajili kwa alama ya kidole. Nikanunua nyingine, sikumwambia mtu. Nikayasema hayo mbele ya watu wote, hadi mshereheshaji akazima spika. Haki ya profesa nampa: walipiga. Na haki ya dada: siku ya kuchukua kipande gari lilifika mpaka mlangoni kwake. Siku ya majibu lilisahau njia.

Profesa akampigia msaidizi wake palepale. Kumbe kipande kilisomwa zamani. Saratani haikuonekana, ila dada alitakiwa arudi baada ya miezi michache, kwa kuwa kivimbe kile si cha kuacha bila kukitazama. Miezi hiyo ilishapita mara kadhaa.

Dada akaifunga miwani kwenye pindo la khanga. "Utaipata nikishatazamwa na kujibiwa."

Kesho yake profesa akampeleka hospitali mwenyewe, dada akachukuliwa kipande kingine, profesa amesimama mlangoni. Wengine walisema wanamhurumia hana macho. Baadaye nilisikia nyumbani ana miwani nyingine mbili.

Majibu aliyaleta kwa mkono wake hadi Likunja. Nusu karatasi, kwa kalamu, Kiswahili: si saratani, ni uvimbe wa kawaida, aangaliwe kila mwaka. Dada alinitaka niisome mara tatu. Kisha akafungua pindo, akamrudishia miwani, wakacheka wote, akamkaangia korosho.

Habari zikafika Chinongwe na Mandawa. Akina mama waliochukuliwa vipande siku zile wakaanza kuja kuisikiliza karatasi ya dada na kuuliza zao ziko wapi. Nikaandika orodha yao, namba za simu mbilimbili, nikampelekea profesa. Naye, nasema kweli, alianza kuwatafuta.

Mara ya mwisho alipopita alikaa ukumbini kwa dada, akasema ile karatasi imemfundisha jambo. Akaomba aipige picha, anafikiria kuiandikia makala.

Dada akanyoosha mkono.

"Lete miwani."