Kaburi Lisiloota Ukoga

Siku yangu ya kwanza kazini nilipewa kisu, burashi ndogo na bahasha za karatasi, nikaambiwa nikakwaruze mawe. Nilicheka. Nilikuwa nimetoka kubeba magunia bandarini Kalemie, shule niliiacha darasa la nne, na sasa kituo cha utafiti kinataka kunilipa nikusanye uchafu! Shefu wa Labo, mkubwa wa maabara, hakucheka. Alikuwa mtu mwembamba, na mpaka nastaafu sikumsikia hata mara moja akipaza sauti.

"Papa, ile unaita uchafu inaishi," aliniambia. "Ni viumbe viwili ndani ya nyumba moja. Kuvu anajenga nyumba, mwani anapika chakula. Haina mizizi. Inakula hewa na mvua tu. Hewa ikiwa na sumu, itakula sumu."

Wasomi wanaiita likeni. Sisi tunasema ukoga wa mawe, na mimi nitaandika ukoga, kwa sababu njo jina, ndilo jina nililolikuta. Watoto wa katiye yetu, mtaa wetu, waliniita Papa Ukoga, wakanikimbia kama mchawi. Niliwaacha. Mtu aliyejifundisha kazi mwenyewe haoni haya ya jina lake.

Kazi ilikuwa hivi. Unachagua jiwe ambalo halijaguswa, unaangalia upepo unatoka wapi. Unapima urefu toka chini, maana ukoga wa chini unarushiwa udongo na mvua na utakudanganya. Unakwaruza bila kugusa kwa vidole, unafunga ndani ya karatasi, kamwe si plastiki, plastiki inauozesha. Ukifika labo unadondosha tone la potasi. Ukoga mmoja wa kijivu unageuka manjano, halafu taratibu unakuwa mwekundu kama kidonda kilichofunguka. Mwingine hautaki potasi, unataka javeli, ile maji ya kufulia nguo nyeupe. Tulikuwa pia na sanduku jeusi lenye taa ya zambarau. Unaweka kipande cha ukoga mkavu, usio na rangi ya maana, unachungulia tunduni, unakuta unawaka rangi ya chungwa kama kaa la moto. Mara ya kwanza nilifanya ishara ya msalaba. Kitu kilikuwa kimekaa juu ya jiwe, kimya, na moto wake ndani, na watu wanapita.

Ule moto na ile damu ni asidi zake. Ukoga unazitengeneza wenyewe, unazipanga juu ya nyuzi za kuvu kama chembe za mchanga. Nyingine zinaukinga na jua, nyingine zinafanya wadudu wakatae kuutafuna. Na zipo zinazokamata madini. Shaba ikija na mvua, asidi inaishika nje, inaifunga, isimfikie yule mwani anayepika ndani. Kando ya reli kuna mawe ya shaba yaliyoachwa tangu zamani, na ukoga ulioota juu yake si wa kijivu tena, ni wa kijani kikali. Ile kijani ni shaba iliyofungwa gerezani.

Nilipelekwa Kongolo, nikakwaruza mawe chini ya daraja la reli. Ukoga wa pale umevaa kutu, unautoa jiweni kama ngozi ya ng'ombe mwekundu. Halafu Mpala, kwenye kuta za zamani za misioni, ambako hewa ni ya ziwa tupu. Mpala ilikuwa mawe ya ushahidi: ukoga wa pale unakuonyesha mambo yalivyo kabla hayajaharibika. Mwingine wote tuliulinganisha na huo.

"Na kama jiwe halina kitu kabisa?" nilimwuliza Shefu siku moja.

"Jiwe la zamani, katika nchi ya mvua, bila kitu?" Aliweka kalamu chini. "Papa, jiwe hilo uliogope. Pale hata mwenye gereza amekufa."

Nilisikia maneno hayo kwa masikio yangu mawili, nikaenda nyumbani nikala.

Sasa niwaeleze kosa langu, maana hamtalisikia kwa mtu mwingine. Kwetu, kabla ya Siku ya Wafu, jamaa huosha makaburi. Na katika ukoo wetu aliyeosha hasemi. Anakwenda peke yake, anasugua, anarudi, ananyamaza. Kusema ni kumdai marehemu shukrani. Mama yetu amezikwa juu ya kilima, nje kidogo ya mji, na chini ya kilima hicho anakaa dada yangu mdogo, Apolina, mjane. Kila mwaka nilipopanda kilima nilikuta kaburi limekwisha kuoshwa. Saruji nyeupe, msalaba mweupe, hata mstari mmoja wa ukoga hakuna. Nilisema moyoni, Apolina ana heshima. Nikashuka.

Makaburi ya jirani yalikuwa hivyo hivyo. Watu waliyaona, wakaanza kusema wafu wa kilima kile wametakata. Mama mmoja aliniambia amepeleka kitambaa cha mtoto wake mgonjwa akapangusa nacho msalaba wa mama yetu ili mtoto apone. Nilijivuna. Mimi, ambaye kazi yangu ilikuwa kusoma mawe, nilijivuna.

Kimya cha pale kilikuwa kizito. Sikuwahi kuona mjusi. Mwembe pekee uliokuwepo, shina lake lilikuwa tupu kama mkono ulionyolewa.

Mwaka ule wa mwisho wa kazi nilimkuta Apolina amekaa mlangoni, mikono inamtetemeka. Alikuwa amekonda. Tumbo linambana, alisema, na majina yanamkimbia.

"Yaya," aliniambia polepole, kama kwetu tunavyomwita kaka mkubwa, "kuna kitu nataka kukuuliza, na si vizuri kuuliza. Njo wewe unaosha kwa mama?"

"Mimi? Si ni wewe!"

"Mimi sijaosha tangu bwana wangu alipokufa. Miguu haipandi kilima."

Tukatazamana. Jua lilikuwa utosini.

"Basi ni mama mwenyewe," alisema. "Namusikia. Nikilala muchana namusikia anasugua. Shwa, shwa. Hachoki."

Nilitaka kumwambia ni homa. Lakini nami nilikuwa nimesikiliza, na nilidhani nimesikia. Ndipo nikainua macho, nikaona nyuma yake, uani, lile jiko.

Jiko hilo nililijenga mimi kwa mikono yangu, alipofiwa, ili apate kula. Anavunja batri kuukuu za magari, anayeyusha vile vibao vya ndani, anamimina katika vitundu vya udongo. Zinatoka plombi za nyavu, vile vizito vya madini ya risasi vinavyovuta wavu chini. Plombi za Apolina zilisifiwa ufukweni kote. Moshi wake wa kijivu hupanda taratibu, na upepo wa ziwa huupeleka kilimani, kwa mama.

Nilipanda na kisu changu. Nilikwaruza msalaba, na kwenye ufa mmoja nikapata ganda jeusi, limekufa, dogo kama ukucha. Nikalifunga. Labo, Shefu aliliyeyusha katika asidi, akadondosha dawa yake. Maji yakawa manjano, manjano ya kiini cha yai, chembe zake zinashuka kama theluji ya vitabuni mpaka chini ya kioo.

"Ni risasi tupu," alisema. "Umetoa wapi?"

"Kongolo. Chini ya daraja."

"Kongolo ni chuma, Papa. Umeniletea Kongolo mara ngapi?" Akakisogeza kioo kwangu. "Hapo ulipolitoa, nani anakaa?"

Nilikuwa nimemdanganya mkubwa wangu kwa mara ya kwanza. Niliogopa serikali imfunge dada yangu, niliogopa watu waliopangusia vitambaa pale. Nilimwambia yote.

"Usimpeleke kwa askari," alisema. "Mpeleke hospitali. Lakini kwanza zima moto ule leo."

Apolina alikuwa anachochea nilipofika. Nilimweleza: hakuna anayeosha. Ni moshi wako. Umeua ukoga wote wa kilima, na wewe ndiye jiwe linalofuata.

Alicheka mpaka akakohoa. "Papa Ukoga! Umekwaruza mawe mpaka kichwa kimekwaruzika! Mama yetu anakuja kwangu, wewe unaniambia moshi? Nikizima, nikule nini? Nikule ukoga wako?"

"Utakula kwangu."

"Toka, Yaya. Toka mbele ya moto wangu."

Sikutoka. Nilichukua shoka la kuvunjia batri, nikalipiga jiko nililolijenga mwenyewe mpaka likawa udongo. Alinitukana kwa jina la baba. Halafu akakaa chini, akaweka kiganja sikioni, anasikiliza.

"Umemufukuza," alisema. "Ameacha kusugua."

Hospitali, muuguzi alisema risasi imeingia mifupani, na mifupa hairudishi haraka. Dawa ilikuwepo kidogo, tukaipata. Kituo kilichimbua udongo wa uani kikaupeleka mbali. Kwa wale mama wa vitambaa nilikwenda nyumba kwa nyumba, kuwaonya kwamba vitambaa vile vina sumu. Wengine walinifungia mlango usoni, na bado wanaufunga.

Sasa nimestaafu, ninakaa Mpala na Apolina. Vijana mnaoniuliza kazi ile ilinipa nini, nawajibu: ilinipa macho, na nikayaacha labo kila jioni kama mtu anavyotundika koti. Mawe ya watu niliyasoma vizuri, ya mama yangu sikuyasoma. Msifanye hivyo. Kusoma mawe ya wasiokuwa wenu ni rahisi.

Apolina hajarudi kuwa yule wa zamani. Siku nyingine ananiita baba, siku nyingine anajua mimi ni nani na ananichukia kidogo. Mikono inatetemeka bado. Hatuzungumzi juu ya jiko.

Juma lililopita tulikuwa tumekaa ufukweni, mitumbwi imevutwa juu. Mvuvi mmoja, mtu mzima mwenye ndevu, alikuwa anatengeneza wavu wake karibu nasi. Anatoa plombi mfukoni, anaitia kwenye kamba, anaibana kwa meno ishike. Nyingine tena. Anazungumza na wenzake, plombi iko shavuni kama kipande cha muwa. Nilikuwa ninatafuta maneno ya kumwonya.

Apolina aliinuka. Sikumsaidia, sikujua anataka nini. Alitembea mpaka kwa yule mtu, akamshika taya kwa mkono wake unaotetemeka, akamfungua mdomo, akaitoa.