Dayodi ya Tatu Katika Redio ya Susu

Likizo ya Agosti nikiwa kidato cha tatu niliimalizia Uthiru kwa Susu, ndivyo tunavyomwita nyanya yetu. Redio yake kubwa ya mbao, aliyoiacha babu, ilikuwa imekufa tangu Pasaka. Kwa sababu hiyo alikosa tangazo la kifo cha mwanamke aliyekua naye tangu utotoni, akaja kusikia wameshazika. Hilo lilimuuma kuliko kifo chenyewe. Anko, mwanawe, alimletea karedio kapya, lakini masikio ya Susu hayakukapata.

"Hii inaongea kama mbu," alisema.

Anko akaamua kwamba Jumapili angeibeba ile kubwa ampe mtu wa vyuma chakavu. Susu akaniita jikoni. "Wewe si unasoma fizikia? Iangalie kabla hajakuja."

Sikutaka. Mimi hata kujibu swali darasani hutetemeka. Lakini redio haimwangalii mtu usoni, nikakubali.

Nilipofungua mgongo wake nikakuta fyuzi imezungushiwa ile karatasi inayong'aa ya ndani ya pakiti ya sigara. Kwetu anayevuta ni Anko peke yake. Fyuzi ilikatika ili kusema kuna shida, naye akaiziba mdomo ili umeme upite tu. Transfoma ilinuka moto, ila haikuwa imeungua.

Nikaweka fyuzi nzima lakini sikuchomeka moja kwa moja ukutani. Mwalimu wetu wa fizikia hupitisha umeme kwenye balbu ya kawaida kwanza, ndipo ufike kwa kifaa. Balbu ikiwaka kabisa, ndani kuna shoti. Ikififia, uko salama. Yangu iliwaka kama ya sebuleni.

Nikazing'oa dayodi nne zinazopokea umeme wa transfoma, nikazipima kwa betri na kibalbu cha tochi. Dayodi nzima hupitisha umeme upande mmoja tu. Ya tatu ilipitisha pande zote mbili.

Jumamosi nikaenda mjini. Duka lilijaa watu na nikaogopa kuongea, nikanyoosha tu mkono wenye ile dayodi. Mwenye duka akaitazama, akanitazama.

"Hii imekufa. Na wewe je?"

Watu wakacheka. Nikasema, "Nipe nne," kwa sauti ambayo hata mimi sikuisikia vizuri.

"Ah, kumbe wewe uko hai!"

Chuma cha kulehemu sikuwa nacho. Jumapili, Susu akiwa kanisani, nilichoma bisibisi kuukuu kwenye jiko la makaa, nikayeyusha nayo risasi ya kushikishia dayodi mpya, na vidole kidogo. Balbu ikamulika mara moja, ikafifia, ikabaki nyekundu. Nikaiondoa, nikachomeka redio ukutani. Ikaongea. Chini ya sauti kulikuwa na mngurumo, maana kapasita, inayotuliza umeme, imezeeka na bado sijaibadilisha.

Anko aliingia na gunia, Susu nyuma yake.

"Injinia! Si nilisema ni fyuzi tu?"

Nikaanza kuufunga mgongo wa redio.

"Na haina hata FM," akaendelea. "Sasa hii ni ya nini?"

"Nyamaza, wanasoma," Susu akamwambia.

Akavuta kigoda, akainama mpaka sikio likakaribia kitambaa cha spika. Majina ya marehemu yakaja, na vijiji vyao, na wajukuu wao. Anko alisimama na gunia lake hadi mwisho.

"Leo hakuna wetu," Susu akasema. Akazima, akaenda kutupakulia chakula.